Tembo na Uji Usio na Chumvi

Masikio yapo?
Yapo, tumeyaosha!
Midomo ipo?
Ipo, tumeifumba!
Na mdomo wa nani hauna kifuniko?
Wako!

Ahsanteni kwa heshima hiyo. Basi sikilizeni.

Palikuwa na Tembo, na Tembo alikuwa na mdogo wake wa kike, Pimbi. Mnacheka nini? Ndiyo, Pimbi, yule wa kwenye majabali, mviringo kama boga, mfupi kama kigoda, asiye na mkia wa kusimulia. Baba mmoja, mama mmoja, tumbo moja. Tembo alipozaliwa alichukua kila kilichokuwamo. Urefu akachukua, mkonga akachukua, masikio akachukua. Pimbi alipokuja nyuma yake akakuta ghala limefagiliwa. Hakununa. Akaokota akili, maana Tembo alikuwa ameiruka akidhani ni takataka.

Mwaka huo masika yalikuwa marefu na mama yao akaugua. Kupe walimwingia masikioni wakajipanga kama kunde ndani ya ganda. Pimbi akawa anaingia humo humo sikioni, kutwa nzima, akimtoa kupe mmoja mmoja. Na Tembo? Tembo alikuwa bondeni akisukuma miti. Sukuma, pwaa! Sukuma, pwaa! Ukimuuliza kwa nini anaiangusha, anakwambia, "Kazi ni kazi."

Mama alipopona akawaita. "Wanangu, mmechoka. Nendeni kwa Mama Kiboko, kule kwenye maporomoko, mkapumzike siku saba. Tembo, mtazame mdogo wako. Ale, alale, apate nyama kidogo mbavuni."

"Sawa, Mama," akasema Tembo.

"Sawa ya kweli?"

"Sawa ya kweli, Mama."

Wakashika njia. Di! Di! Di! Tembo alitembea, na Pimbi amekaa juu ya kichwa cha kaka yake, akihesabu vipepeo na kuuliza maswali. Kaka, maji yanaporomoka kwa sababu gani? Kaka, hayachoki? Kaka, na ile harufu ni ya mapera au ya mastafeli? Tembo alijibu yote, hata asiyoyajua. Njia ilikuwa tamu.

Walipolikaribia bwawa la Mama Kiboko wakasikia maji yakishuka kutoka kwenye mwamba, mwaaa! Wakaona migomba imeinama kwa mikungu, mafenesi yamening'inia kama ngoma, na wageni wamejilaza majini macho nusu. Miongoni mwao alikuwa Bi Twiga wa nyanda za juu, shingo imenyooka, kope ndefu, anatafuna jani moja kwa muda ambao wengine hutafuna mti.

Tembo akamwona. Tembo akasimama. Ghafla kichwani pake pakawa pazito.

"Mdogo wangu," akasema, "hebu shuka utembee kidogo, unyooshe miguu."

"Miguu yangu ikinyooka inaishia hapo hapo, kaka."

"Shuka tu. Na ushike huu mkoba."

Pimbi akashuka. Akashika mkoba.

Mama Kiboko akatoka jikoni, mwenye mji wake, mpana, mchangamfu, mwiko mkononi. "Karibu, Bwana Tembo! Karibu upumzike! Mmekuja wangapi nikaribishe wangapi?"

Na Bi Twiga akashusha shingo kutoka juu, taratibu, mpaka pua ikamfikia Pimbi. "Na haka ni nini?"

Masikio ya Tembo yakapata moto. Akafungua kinywa aseme "mdogo wangu". Neno likafika kwenye meno, likaangalia nje, likamwona Bi Twiga, likarudi ndani.

"Huyu? Huyu ni mbeba mkoba wangu."

Maji tu, mwaaa!

Pimbi akamtazama kaka yake kwa muda wa kumeza mate mara moja. Kisha akainamisha kichwa. "Shikamoo, Mama Kiboko. Jikoni ni wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Pita huko. Wabeba mikoba hulala penye kuni. Na sinia lako nitaleta…"

"Niletee mimi," Tembo akadakia. "Yeye hali sana."

Huyo ndiye Tembo. Alikuwa na aibu, lakini aibu haikumzuia kula. Mchana ule akaletewa masinia mawili. Fenesi la kwake, kacha kacha kacha. Fenesi la Pimbi, kacha kacha kacha. Ndizi za kwake, nyam. Ndizi za Pimbi, nyam. Kila tonge la sinia la pili lilipita kooni kwa shida kidogo, kama jani lenye miiba, lakini lilipita.

Kulipokucha, Pimbi alikuwa penye kuni, anachochea moto.

"Mama Kiboko," akasema, "yale masinia mawili ya jana, bwana aliyamaliza?"

"Aliyamaliza? Alitaka kula na masinia yenyewe."

Pimbi akaacha kuchochea. Akashika shavu. "Maskini. Ndivyo unavyoanza."

"Unaanza nini?"

"Ugonjwa wake. Huanza hivi hivi. Kwanza mtu anakula sehemu mbili. Kisha masikio yanapata moto. Kisha anasahau watu wake wa nyumbani, kabisa, kama hajawahi kuwaona."

Hapo niambieni, Pimbi alisema uongo wowote?

La!

Hata nukta?

La!

"Yallah!" Mama Kiboko akashika kiuno. "Na masikio kweli nilimwona jana, mekundu! Dawa yake nini, mwanangu?"

"Uji wa mtama, mwepesi, bila sukari, bila chumvi. Na tope la baridi mpaka kifuani. Fenesi asilikaribie hata kwa harufu. Ila atakataa, Mama. Wenye ugonjwa huu wote hukataa."

Mchana ukafika. Tembo akajiweka sawa chini ya mfenesi, mkonga tayari. Mama Kiboko akaja na kibuyu.

"Pole, Bwana Tembo."

"Pole ya nini? Sinia langu liko wapi?"

"Kunywa uji huu."

Tembo akautazama uji. Ulikuwa mwepesi hivi kwamba aliona uso wake ndani. Uso ule haukumpendeza. Akaunywa haraka, sururu, aondoe ule uso.

Siku ya pili ya dawa, tumbo linanguruma, ngrrr. "Pole, Bwana Tembo." Kibuyu. Tembo akautazama uji, akauona uso wake, akaunywa, sururu. Wageni wengine wakaoga chini ya maporomoko, yeye akaongozwa kwenye tope. Bi Twiga akapita, akainamisha shingo, akanong'ona kwa huruma, "Usijali, Bwana Tembo. Shangazi yangu alikuwa nao pia. Tulimficha."

"Nini hicho nilicho nacho?"

"Basi, basi. Usijichoshe."

Siku ya tatu, tumbo linapiga ngoma, ngrrr-ngrrr-ngrrr. "Pole, Bwana Tembo." Kibuyu. Uso. Sururu.

Na kwa kuwa kwa Mama Kiboko chakula cha mgonjwa hakitupwi, hula yule anayemhudumia, masinia mawili yalikuwa yakienda kwenye jiwe kubwa lililopashwa na jua kando ya bwawa. Juu ya jiwe alikuwa Pimbi, amelala chali, miguu minne hewani, ndizi kila upande. Anaamka, anakula, anageuka ubavu wa pili, analala.

Tembo akiwa topeni alimtazama kwa hasira kwanza. Yule ni mbeba mkoba gani asiyebeba? Kisha akaendelea kumtazama kwa kuwa topeni hapana kingine cha kutazama. Akaona mbavu zake. Zilikuwa zinahesabika. Akakumbuka kwamba tangu masika yaanze hakuwahi kumwona mdogo wake amelala mchana. Kila aliporudi kutoka kusukuma miti, sauti yake ilikuwa ikitoka ndani ya sikio la Mama. "Bado watatu, Mama, vumilia."

Tembo akajizamisha zaidi, mpaka shingoni. Tope halikutosha.

Lakini njaa haina simanzi. Mchana ule ule, watu wamelala, Tembo akatoka topeni kwa ncha za vidole, kama tembo anaweza kwenda kwa ncha za vidole. Di, di, di. Akafika dirisha la jiko. Harufu! Ndizi mbichi kwa tui la nazi! Akaingiza mkonga, polepole, akipapasa. Huku mwiko. Huku kifuu. Huku…

Chwaaa!

Aliutumbukiza mkonga ndani ya sufuria inayochemka. Akapiga yowe ambalo maporomoko yenyewe yalinyamaza kulisikiliza. Wageni wote wakaja mbio wakamkuta mkonga mwekundu, uso una tope, na tui linamdondoka.

"Na kudokoa nako!" Mama Kiboko akatikisa kichwa. "Umezidi, huu ugonjwa."

"Mimi si mgonjwa!" Tembo akalia. "Mimi ni mzima! Nipeni chakula!"

"Bwana Tembo, hapa kwangu mgonjwa hajisemei. Nyumbu alikuja na tumbo lake bovu, akaapa ni mzima, akala mafenesi matatu, nikashinda juma zima nikisafisha bwawa. Tangu siku hiyo mgonjwa husemewa na mtu wa tumbo moja naye. Aje ndugu yako, aseme wewe ni mzima, nami nakupa mfenesi wote na mizizi yake. Una ndugu?"

Tembo akatazama chini.

"Kama hana," Bi Twiga akasema kwa upole, "basi uji mpaka mvua zijazo."

Mpaka mvua zijazo! Tumbo likasema ngrrr. Tembo akafungua kinywa.

"Ninaye," akasema, kwa sauti ya sisimizi.

"Hatusikii."

"Ninaye. Yule. Pale kwenye jiwe."

Wakageuka. Wakamtazama Pimbi. Wakarudi kumtazama Tembo.

"Mbeba mkoba?" akauliza Mama Kiboko.

Wakacheka! Kwa-kwa-kwa! Bi Twiga alicheka mpaka shingo ikaingia mtini. Kisha mmoja mmoja wakaacha kucheka, wakaanza kumhurumia.

"Maskini, umempanda kichwani."

"Mpelekeni topeni."

"Taratibu, msimshtue."

"Ni mdogo wangu!" Tembo akapiga mguu. "Tumbo moja! Pimbi, waambie!"

Pimbi alikuwa anamenya ndizi. Akaimenya mpaka mwisho, kisha akainusa.

Tembo akatazama huku na huku. Hakuna aliyemwamini, na aliyemfundisha kila mtu kutomwamini ni yeye mwenyewe, siku ya kwanza, kwa kinywa chake. Akapiga magoti. Tembo akipiga magoti, jamani, ardhi inajua.

"Ni mdogo wangu," akasema, sasa si kwa ajili ya fenesi. "Mama aliugua masika yote. Huyu alimtoa kupe, yeye peke yake. Mimi nilikuwa nasukuma miti. Miti yenyewe haikuwa imenikosea. Mama akatutuma wote wawili tupumzike, akaniambia nimtazame ale, alale. Nilimbeba kichwani njia nzima. Nilipokuona wewe, Bi Twiga, nikamshusha. Nikaona ni mfupi. Nikasema ni mbeba mkoba. Kisha nikala sinia lake. Lilikuwa na ndizi sita. Nilikula zote sita."

Hakuna aliyecheka. Bi Twiga alianza kutazama mawingu, kama mtu aliyekumbuka shangazi aliyefichwa.

Pimbi akaweka ndizi chini. Akapiga mwayo, mrefu, kinywa wazi mpaka koo. Na pale mbele, kila mgeni akayaona: meno mawili marefu yamechongoka yakishuka kama pembe, pembe ndogo mbili za ndovu, ndogo kama miiba ya mchongoma. Akanyoosha na mguu. Kucha zake zilikuwa bapa, duara, kucha za Tembo aliyepunguzwa.

"Lo!" Mama Kiboko akaangusha mwiko. "Tumbo moja! Bi Pimbi, mwanangu, nisamehe, nami nilikulaza kwenye kuni! Haya basi, sema wewe. Ndugu yako ni mzima?"

Kila mtu akangoja. Tembo akangoja, magoti chini, mkonga unauma, machozi yanapita njia yake kwenye tope. Pimbi akashuka kwenye jiwe, chapu chapu, akaja mbele ya kaka yake. Akamkagua sikio la kulia. Akamkagua sikio la kushoto. Akaligusa kwa kidole.

"Bado lina moto," akasema. "Mpe uji siku mbili zaidi."

Tembo hakubisha. Akapokea kibuyu kwa mkonga wake uliobabuka, akanywa mpaka tone la mwisho, akasema ahsante. Siku mbili hizo alikaa topeni kwa hiari yake, na kila aliyepita alimwita. "Wewe! Unamwona yule kwenye jiwe? Ni mdogo wangu." Aliwaambia nyani, aliwaambia vyura. Kobe alikuwa amelala ndani ya gamba lake, wala hakuuliza, Tembo akamgongea, ngo ngo ngo, mpaka akatoa kichwa, akaambiwa, akarudi kulala.

Siku ya saba Pimbi akasema, "Sasa amepona."

Tembo akaletewa sinia. Lilikuwa moja, na lilikuwa limejaa. Akalitazama, akalisogeza mbele ya mdogo wake, akageukia upande wa maji ili asionekane anavyomeza mate.

Ngano yangu imekunja mkeka. Aliyeipenda abebe, aliyeichukia aiache mlangoni, kuna watakaoiokota.

Na fundisho? Fundisho lipo, msiondoke. Ukienda kupumzika na ndugu yako mfupi, usimkane. Mkane yule mrefu, kwa kuwa mfupi ndiye anayefika jikoni. Na ukikosea ukamkana, kula haraka masinia yote siku ya kwanza, maana uji unakuja, na nawaambia kwa uhakika ambao sitaki mniulize nimeupata wapi: hauna chumvi hata chembe.