Chapeo Iliyong'aa Kupita Kiasi

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii humwonya mtu anayevutwa na sura ya kitu asijali kilichomo. Halszka hakuwahi kuisikia, lakini maana yake aliipata kwa kidole gumba chake mwenyewe.

Mumewe, Ziemowit, alikuwa fundi bomba siku za kazi na shujaa wa kale siku za sikukuu. Kila kiangazi wanaume wa mji wao mdogo huko Poland huvaa deraya, mavazi ya chuma yaliyofuliwa kwa mfano wa yale ya mababu, wakapigana chini ya ngome. Mapanga ni butu, ila vipigo si vya mzaha. Mwaka uliotangulia chapeo ya Ziemowit, yaani kofia yake ya chuma, ilirudi imebonyea na kushika kutu, na Halszka, aliyeelewana na vyuma, akaahidi kuitengeneza.

Alibadilisha mikanda, akashona pamba mpya ya ndani. Hapo alifanya vyema. Lakini kabla ya pambano kuna gwaride, na mwenye deraya nzuri kuliko zote huvikwa shada la masuke na maua. Ziemowit alilitamani shada hilo kama mtoto atamanivyo peremende.

"Ing'arishe, mke wangu, mpaka Bolko aone meno yake humo!" akamwambia, akimtaja rafiki yake.

Basi badala ya kuyagonga mabonyeo kwa nyundo kutokea ndani, kazi inayochosha, Halszka alichukua grenda, mashine ya kusagia chuma, akayasaga kwa nje mpaka chuma kikawa laini kama kioo. Alijua kinapungua. Akajipa moyo kwamba hakijapungua sana.

Siku ya gwaride chapeo ilimeremeta, na shada likawa la Ziemowit. Bolko, aliyekuwa mkaguzi wa deraya, akaigonga mara moja kwa kidole akaipitisha.

"Shemeji, umemfanya bwana harusi! Leo tutampiga kwa adabu, tusimchafue."

"Wivu tu huo," Ziemowit akajibu. "Sura yako hata ikipigwa msasa haing'ai."

Watu wakaangua kicheko. Halszka hakucheka. Alikuwa akimfunga mumewe mikanda, kama ilivyo desturi ya wake wa wapiganaji, na kidole gumba chake kikabonyeza utosi wa chapeo. Chuma kikaingia ndani, kikarudi kwa mlio mdogo kama wa kopo tupu la maziwa.

Parapanda ikalia. Ziemowit akaelekea uwanjani. Halszka aumbuke mbele ya mji mzima, au anyamaze na kumwomba Mungu? Akaruka uzio, akamshika mkono.

"Vua!"

"Una wazimu? Watu wanatazama."

"Nimeisaga mno. Nimeiharibu, Ziemowit. Vua, nakuambia!"

"Si Bolko ameikagua?"

"Bolko ameona mng'aro, kama wewe!"

Bolko alisikia. Alimvua Ziemowit chapeo, akaiweka juu ya nguzo ya uzio, akaishushia panga, pigo la kawaida tu. Utosi ukapasuka, ncha za chuma zikazama kwenye pamba, pale ambapo kingekuwa kichwa.

Ziemowit akabadilika rangi. Akasema kwa sauti ndogo, "Bolko, niazime kile chungu chako cheusi."

Alipigana ndani ya chapeo ya akiba ya Bolko, kuukuu, nzito, isiyo na sura. Ilipigwa mapigo hata Halszka akashindwa kutazama. Jioni mumewe alitoka uwanjani akichechemea, kichwa kizima, naye Halszka akamkumbatia pamoja na deraya yake, akilia bila haya.

Shada walilisahau juu ya nguzo, limeizunguka chapeo iliyopasuka. Kweli, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.