Bi Rauhiya na Jini Asiyeshiba

Zamani, majini walipokuwa hawajajitenga na macho ya wanadamu, mji wa Zumurani ulitawaliwa na Sultani Rukniddini bin Faridi, mfalme mwenye insafu na majeshi yasiyohesabika, na pamoja na nguvu zake zote jambo moja lilimshinda: njia ya jangwani iendayo mjini kwake ilikuwa imefungwa, kwani kila msafara uliopita humo ulinyang'anywa chakula na jini aliyejificha asionekane, na wasafiri wakageuka nusu ya njia wakitambaa kwa njaa.

Ng'ambo ya jangwa hilo, mwendo wa siku arubaini, aliishi Bi Rauhiya, mke wa tabibu Jabiri. Mumewe alikuwa ameitwa Zumurani kumtibu Sultani macho, na njia ikafungwa nyuma yake. Miaka mitatu ikapita. Salsabila, binti mkubwa, mwenye miaka tisa, alimkumbuka baba yake vizuri. Tahiri, wa miaka sita, alikumbuka ndevu tu. Na Najima alizaliwa baba ameshaondoka. Siku moja Bi Rauhiya alimsikia Najima akimwita muuza maji "baba", na neno lile likamchoma moyoni, na palepale akaanza kufunga mizigo.

Alikwenda kwa mzee aliyekuwa zamani kiongozi wa misafara, amwombe awapeleke. Mzee akacheka hata akakohoa.

"Bibi, ngamia hukaa siku nyingi bila kunywa, lakini watoto hula mara tano kwa siku. Utawalisha nini huko?"

"Hilo niachie mimi," akasema Bi Rauhiya, na kesho yake akatoka na wanawe, punda mmoja na mbuzi wawili wa maziwa.

Na kweli aliwalisha. Alfajiri aliloweka dengu katika kiriba kilichoning'inia ubavuni mwa punda, na ikifika alasiri zimelainika, kuni chache zikatosha kuziivisha. Na maziwa aliyatia katika kiriba cha pili, mwendo wa punda ukayasukasuka mpaka yakatoa siagi. Na mkate aliufukia katika mchanga wa moto chini ya makaa. Tahiri alizikataa dengu siku ya tatu, akazila siku ya nne mama yake alipoziponda na kuziviringa kama gololi. Najima hakula chochote ila akiwa juu ya punda, basi akalishwa juu ya punda.

Siku ya ishirini na moja, Bi Rauhiya alifunua chungu akakuta mchanga mtupu. Siku ya pili mchanga, na ya tatu vivyo hivyo, na mbuzi wakakauka maziwa, na watoto wakaacha hata kulia. Akabaki na konzi moja ya unga. Adhuhuri, kivulini mwa jabali, alioka mkate usiozidi kiganja, akiukodolea macho bila kupepesa, na mara akauona ukiinuka wenyewe hewani! Akaudaka kwa mikono miwili.

"Hata ukiwa jini, hukufunzwa adabu?" akapiga kelele. "Mtu huja kwa hodi! Hapokonyi watoto!"

Upepo ukavuma, na mbele yake likasimama jitu refu kama mnara, meno yake kama mapanga.

"Ewe binti Adamu! Mimi ni Khandarusi, mfalme wa pepo za jangwa. Nimekula ngamia na shehena zao, nimekula karamu za masultani, na kwa miaka mia tisa sijashiba hata siku moja. Toa mkate huo, ama nitamla mmoja wa hawa!"

Bi Rauhiya akawavuta wanawe nyuma yake. Lakini alipomtazama usoni akayaona macho yake yameganda juu ya mkate, na macho yale aliyajua, kwa kuwa siku tatu alikuwa akiyaona kwa wanawe.

"Wanangu hutawagusa," akasema. "Ila kwangu hakuna anayesimama kutazama wenzake wakila. Punguza huo urefu, ukae chini, useme bismillahi, na ule kilicho mbele yako."

Jini akapigwa na butwaa. Hakuwahi kukaripiwa hivyo tangu aumbwe. Akajikunja hata akawa kimo cha mtu, akakaa kitako katikati ya Salsabila na Tahiri.

"Mama," akanong'ona Salsabila, "mkate ni mdogo, na sisi tuko wanne."

"Tuko watano," akajibu mama, na akaumega vipande vitano.

Khandarusi akatafuna taratibu, na machozi yakamtiririka. Najima akamkagua, kisha akamtia kiganjani nusu ya kipande chake, akasema, "Huyu bado." Jini alipoimeza nusu ile, radi ikapasuka na minyororo ya moto, iliyokuwa haionekani, ikamdondoka shingoni.

"Nimeshiba!" akanguruma. "Mchawi alinifunga kwa njaa, nisishibe mpaka mwanadamu anikaribishe kwa hiari yake kwenye chakula kisichomtosha mwenyewe. Wengine niliwapokonya, na wengine walinitupia chakula huku wakikimbia. Sasa mimi ni mtumwa wako, seyyida. Je, nikupe kasri? Nikupe sinia ya dhahabu isiyokwisha pilau?"

Bi Rauhiya akafikiri. Sinia huibiwa, na kasri halibebwi safarini.

"Nataka kila kituo, tangu kwetu hadi Zumurani, kiwe na kisima cha maji matamu, na mitende yenye kuzaa, na tanuri lenye kuni, kwa kila apitaye na watoto wake."

Khandarusi akapiga mguu chini, na nchi ikatetemeka, na visima arubaini vikabubujika kwa mkupuo mmoja, na mitende ikachomoza na kuzaa papo hapo, na matanuri yakasimama na kuni zake. Kisha yeye, mfalme wa pepo, akashika hatamu ya punda akawaongoza mpaka Zumurani ilipoonekana, ndipo akatoweka.

Siku ya arubaini, jua limepanda, walinzi wa Zumurani waliona punda na mbuzi, na mwanamke aliyesimama wima, na watoto watatu mashavu yamejaa. Tarumbeta zikalia. Sultani mwenyewe akatoka langoni, na nyuma yake tabibu Jabiri, naye alipowaona wanawe akaanguka chini akiwakumbatia, na Tahiri akamshika ndevu asizitoe mkononi.

"Ewe Bi Rauhiya," akasema Sultani alipokwisha kusimuliwa habari yao, "majeshi yangu yalishindwa na njia hii, nawe umeifungua kwa mkate wa kiganja. Kuanzia leo wewe ndiwe Amiri wa Njia, na ushuru wa misafara yote ni wako na wa kizazi chako."

Akaamuru ndoa yao isherehekewe upya kana kwamba ni maharusi, siku saba mchana kutwa, na mji mzima ukala ukasaza. Nao wakaishi kwa neema na heshima, na misafara ikapita ikiimba. Na aliyesikia hekaya hii na ajue kwamba njia iliyowashinda wenye panga ilifunguka kwa mama aliyekaribisha mgeni penye uhaba. Hapo ndipo walipofika wao, nasi tumefika pamoja nao.