Mlembe Alivyotozwa Nta

Paukwa.

Pakawa.

Hao walioitikia ni watoto. Wakubwa mmejinyamazia kama mnadaiwa. Paukwa tena.

Pakawa.

Haya, sasa tuko pamoja. Hapo zamani za kale, mito ilipokuwa bado inatafuta pa kupita, palikuwa na nchi ya vichaka na mawe, na katika nchi hiyo alikuwako ndege aitwaye Mlembe. Mnamjua Mlembe. Ndiye yule ndege mdogo wa kijivu anayewaongoza watu kwenye asali. Analia che-che-che-che, unamfuata, anatua mti huu, anatua mti ule, mwisho unaukuta mzinga. Wewe unakula asali, yeye anakula nta. Ndiyo riziki yake.

Lakini Mlembe wa siku hizo hakujua asali tu. Alijua kila kitu kilipo.

Huyu Mlembe hakulelewa na mamake mzazi. Alianguka kutoka kiotani hana hata unyoya, puu, na aliyemwokota ni Bi Kalunguyeye. Kalunguyeye ni mnyama mdogo mwenye miiba; ukimtisha anajikunja, anakuwa mpira. Lakini kwa kinda yule miiba yote aliilaza. Alimtafunia wadudu. Alimlainishia nta. Kinda akapona, akaota mbawa, akamwita mama.

Bi Kalunguyeye alikuwa na chemchemi chini ya mwamba wake, maji baridi yasiyokauka hata kiangazi. Mlembe alipokuwa mdogo alikaa juu ya mwamba akawaambia wapita njia, "Maji yako hapa, jamani. Karibuni." Hivyo ndivyo alivyoianza kazi yake.

Akakua, kazi ikakua. Anayetaka maji, anamwuliza Mlembe. Anayetaka viazi mwitu, anamwuliza Mlembe. Aliyepotelewa na mtoto, anamwuliza Mlembe. Che-che-che-che, nifuate. Wakamfuata. Hakumpoteza hata mmoja. Wanyama wakaacha kunusa upepo, wakaacha kutazama nyayo. Za nini, na Mlembe yupo?

Bi Kalunguyeye akisikia jina hilo linaitwa kila upande, moyo wake ulijaa fahari.

"Huyo ni wangu," alimwambia jirani yake Pimbi.

"Tunajua, Bi Kalunguyeye," Pimbi alijibu. "Umetuambia asubuhi."

Basi siku zikaenda, Mlembe akajipatia bwawa lake mwenyewe. Lilikuwa mbali, kwenye kona ya mto mkavu, maji mazito kama uji. Kila aliyekunywa pale alimwachia kipande cha nta. Tangu hapo, ukimwuliza maji yako wapi, anakupeleka bwawani kwake. Ukiuliza viazi, anakupeleka kwenye shamba alilojitwalia huko huko. Chemchemi ya Bi Kalunguyeye aliipita kimya, kama vile haipo.

Kulikuwa na ndege wengine waliozijua njia, Chiriku na Shore. Mlembe akawaendea.

"Mkiimba nyimbo za njia," akawaambia, "nitawatangazia wanyama kwamba mti wenu una nyoka. Mimi nikisema, wanaamini."

Chiriku akafunga mdomo. Shore akafunga mdomo. Nchi nzima ikabaki na sauti moja. Che-che-che-che.

Bi Kalunguyeye aliona wageni wanapungua. Akasema moyoni, ni kiangazi, wamehama. Akasema, labda mwanangu ana shughuli nyingi. Mama anajua kila kitu, na tena mama anajua kujifanya hajui.

Mpaka siku ile aliposikia kitu kinaanguka nyuma ya mwamba. Kwaa. Akatoka mbio. Akamkuta mtoto wa Swala amelala mchangani, ulimi nje, macho yamegeuka meupe, na mamake amesimama juu yake anamlamba uso.

Bi Kalunguyeye hakuuliza. Alichovya majani katika chemchemi, akamkamulia mdomoni. Tii, tii, tii. Akachovya tena. Akakamua tena. Jua likasogea. Mwishowe mtoto akameza.

"Mlikuwa mnakwenda wapi?" ndipo akauliza.

"Kutafuta maji," alisema Mama Swala. "Tulimwuliza Mlembe. Akatuambia ni mbele. Tukapita hapa, tukaenda. Mtoto akaanza kuyumba, nikarudi naye, nimeshachanganyikiwa. Sikujua kama hapa pana maji, Bi Kalunguyeye. Hatukuambiwa."

Bi Kalunguyeye aliutazama mwamba ule ambao mwanawe alikaa juu yake akiita wageni. Miiba yake yote ikasimama.

Alimfuata Mlembe bwawani kwake. Mlembe alifurahi kumwona, akamwekea kipande cha nta nyeupe.

"Sikuja kula," alisema Bi Kalunguyeye. "Mtoto wa Swala nusura afe mlangoni kwangu, maji yakiwa hapo hapo."

"Pole yake, mama. Lakini mimi simlazimishi mtu. Asiyetaka kunifuata, asinifuate."

"Amfuate nani? Umewanyamazisha wote."

Mlembe akajifanya anachambua bawa. 

Usingizi ulimpaa Bi Kalunguyeye. Kumshtaki mtoto uliyemtafunia chakula si jambo jepesi, wenzangu. Lakini kulipokucha alikwenda barazani.

Hakimu wa nchi ile alikuwa Bi Kiboko. Alisikiliza akiwa ndani ya tope, masikio tu yakichezacheza. Akamtoza Mlembe sega moja la nta.

Sega moja. Na Mlembe alikuwa na pango la mti limejaa nta hadi mlangoni. Alilipa kabla wasikilizaji hawajatawanyika. Akaruka, che-che-che-che, akaendelea vilevile.

Bi Kalunguyeye akarudi barazani. Bi Kiboko akamtoza Mlembe kikapu kizima. Mlembe akalipa, kisha akawaambia wanywaji wa bwawani, "Kuanzia leo kila anayekunywa ataleta vipande viwili. Faini ni yenu, si yangu." Wakaleta. Wangefanyaje?

Bi Kalunguyeye akarudi tena. Safari hii nchi nzima ilihudhuria.

"Bi Kiboko," alisema, "hujamwadhibu mwanangu. Umemuuzia ruhusa. Anakuja, analipa, anakwenda kufanya yale yale. Mtoze kiasi cha kumwuma, na kimwume yeye, si wenye kiu. Na uwafungue midomo Chiriku na Shore. Bila hilo hata umtoze pango zima, tutabaki na sauti moja."

Mlembe akamtazama. "Mama, ni wewe unayesema hayo?"

"Ni mimi. Ningekuwa sikupendi, ningekaa mwambani kwangu ninyamaze, nikuache uharibike."

Bi Kiboko akazama, chubwi. Akakaa chini ya maji muda mrefu. Alipoibuka, alisema hivi. Nusu ya nta ya pangoni itatolewa, wagawiwe wote waliofichwa maji ya karibu. Mlembe asiongeze hata chembe kwa wanywaji. Kila ndege ana ruhusa ya kuimba njia, na Mlembe akimtisha mwenzake tena, atatozwa nusu iliyobaki. Na anayeulizwa maji, ataje kwanza yaliyo karibu, hata yawe ya nani.

Mlembe akatutumka manyoya. "Basi mimi nahama. Navuka milima. Tuone nani atawaonyesha njia."

Hapo wanyama wakaingiwa na hofu. Pundamilia akasema faini ipunguzwe. Nguruwe mwitu akasema afadhali Mlembe mbaya kuliko kupotea. Wakamgeukia Bi Kalunguyeye, wakamsihi afute mashtaka.

"Mwacheni aende," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Tutapotea kidogo, kisha tutajua. Na wa kumlilia ni mimi, si ninyi."

Mlembe akaruka. Akawa nukta. Akapotea.

Kweli walipotea. Kifaru aliingia kichaka cha miiba, akakwama humo mchana kutwa. Nguruwe mwitu alizunguka kichuguu kimoja akidhani ni vichuguu vingi. Shore, kwa kukaa kimya muda mrefu, alikuwa amesahau nusu ya njia. Akawapeleka pundamilia kwenye maji, akawarudisha kwenye nyuki. Chiriku naye aliimba kwa woga, wakamsikia kwa shida. Lakini kila siku walijifunza. Kifaru akaanza kunusa upepo. Watoto wakaanza kutazama nyayo. Chemchemi chini ya mwamba ikapata wageni.

Bi Kalunguyeye aliwakaribisha wote, akicheka nao. Wakishaondoka, anatazama milima.

Mvua zilipokaribia, Mlembe alirudi. Alitua karibu na mwamba, amekonda.

"Huko hawakunijua," alisema. "Nilipoita walidhani napiga kelele tu."

"Umekula?"

"Sijala."

Akala kwanza. Kisha wakaenda pamoja pangoni, wakatoa nusu ya nta, na Mlembe mwenyewe akaigawa, mlango kwa mlango. Kwa Mama Swala alikaa kidogo. Aliyosema huko sikuyasikia.

Akaanza kazi upya. Akiulizwa maji, anataja ya karibu, kisha ya mbali, bwawa lake la mwisho. Bado alikuwa hodari kuliko wote, na wengi walimfuata kwa hiari. Wengine walimfuata Chiriku. Wengine hawakumfuata mtu.

Asubuhi moja Bi Kalunguyeye alitaka kwenda kutafuta uyoga. Ndege wote watatu walikuwa mtini wanaita. Mlembe aliita kwa nguvu kuliko wenzake, akijua mama atakuja kwake. Bi Kalunguyeye akamtazama kwa mapenzi. Kisha akamfuata Chiriku, makusudi, ili mwanawe aone.

Mlembe akaona. Halafu akacheka, akaruka kwenda kumtafuta mwingine wa kumwongoza.

Wanangu, na ninyi wakubwa: mwenye nguvu akikosea, faini isiyomwuma ni ada tu, anailipa na kuendelea. Umpendaye mwambie kosa lake. Na msikubali njia zenu zote ziwe mdomoni mwa mmoja, hata akiwa mmoja mwema.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyelala abebwe, aliye macho ajiendee.