Katibu Aliyeandika "Watu wa Mji Wameridhia"

Inasimuliwa kwamba zamani, katika mji mmoja wa bara uliozungushiwa ukuta wa udongo, alikuwapo katibu mchamungu akiitwa Sufwani bin Labidi. Kazi yake ilikuwa sentensi moja tu. Usicheke, sentensi hiyo ilikuwa nzito kuliko lango la mji. Kila jambo kubwa alilolitaka Amiri lilisomwa msikitini siku ya Ijumaa, mara baada ya swala, na mwenye neno alisimama akalisema. Sauti moja ya kukataa ilitosha kulizuia. Wakinyamaza wote, kunyamaza kwao ndiko kuridhia. Hapo Sufwani huandika chini ya waraka, "Watu wa mji wameridhia," akapiga muhuri, likawa sheria.

Alifanya hivyo miaka ishirini, wala hakuugusa muhuri ila akiwa na udhu. Na ole wake katibu atakayethibitika kushuhudia lisilokuwa! Angevuliwa ukatibu, na ushahidi wake wala sauti yake isingehesabiwa tena maishani, hata akisema ameuona mwezi mwandamo.

Ijumaa moja ilisomwa amri ya kuugeuza mfereji uliopita kwa watengeneza ngozi, uende kwenye bustani za Amiri. Watu wakanyamaza. Sufwani akaukunja waraka ili akauandike nyumbani kwa utulivu, akatokea mlango wa nyuma. Nje ya ukuta wa msikiti akamkuta Dhakwani, mzee wa watu wa ngozi, akikung'uta mkeka wake.

"Asalaam aleikum, Sheikh Katibu. Leo dua ilikuwa ndefu, mashallah."

"Waaleikum salaam, mzee wangu. Dua ipi?"

"Hiyo mliyoisoma baada ya swala. Sisi huku hatupati maneno, twapata mvumo tu. Lakini tumeitikia amina, kama kawaida yetu."

"Kwa nini hamwingii ndani?"

"Aa, Sheikh wangu! Na uvundo huu wa ngozi? Tutawaudhi waja wa Mungu. Babu yangu aliswali hapa hapa nje, na baba yangu, nami nimezeekea hapa. Takbiri twaisikia, yatutosha."

Subhanallah! Kwa adabu yao wenyewe, watu wale walikuwa wameitikia amina juu ya kukatiwa maji. Sufwani akamweleza Dhakwani yaliyosomwa. Mzee akaketi chini. "Ngozi bila maji ni mzoga, Sheikh. Basi itabidi tuhame," akasema taratibu, wala hakumlaumu mtu.

Siku ile Sufwani hakutia kitu kinywani. Njia ya kuwaokoa aliiona, na gharama yake aliiona pia. Akisema waraka huu haukuridhiwa, atakuwa amekiri kwamba nyaraka za miaka ishirini nzima alizishuhudia bila kujua. Shetani akamjia kwa sura ya busara: piga muhuri huu wa mwisho, kisha Ijumaa ijayo uwakaribishe ndani. Ni sawa na mtu anayesema nitatawadha nikishaswali.

Kesho yake asubuhi akaenda barazani kwa Amiri.

"Waraka wangu u wapi, Sufwani?"

"Mwenyezi Mungu amweke Amiri katika kheri. Sikuupiga muhuri. Watu wa mji hawajaridhia."

"Nani aliyekataa?"

"Hakuna. Ila wenye mfereji hawakusikia. Wao huswali nje."

Amiri akacheka. "Watu wa ngozi! Hao ni raia wangu, sikatai, na ninawalinda. Lakini watu wa mji ni wengine: wenye nyumba zao ndani, wenye elimu, wenye nasaba."

Wanavyuoni waliokuwapo wakaafiki. Mmoja akaleta maana ya neno "watu" kwa wajuzi wa lugha, mwingine akaleta ya mafakihi, wa tatu ya wenye hekima, na kila maana ilimwacha Dhakwani nje vile vile. Sufwani akawangoja mpaka wakamaliza.

"Mwaka wa mafuriko," akasema, "ukuta ulipoanza kubomoka, mpiga mbiu alipita akinadi, 'Enyi watu wa mji, tokeni!' Hakuna mtu wa ngozi aliyeuliza kama ni yeye anayeitwa. Walitoka wote, na saba wakafia chini ya ukuta. Kama hawakuwa watu wa mji, Amiri wangu, basi wale saba tuliwadanganya mpaka wakafa."

Amiri naye hakuwa mjinga. "Na wewe umeandika hivyo miaka ishirini. Kumbe ulikuwa ukishuhudia uongo?"

"Nilishuhudia nisilolijua, wala sikuuliza. Naam."

"Hukumu yake unaijua?"

"Naijua. Mimi ndiye niliyeinakili." Akauvua muhuri shingoni, akauweka mbele ya Amiri.

Ijumaa iliyofuata, kwa agizo la Amiri, katibu mpya aliisoma tena amri ile mlango wa nyuma ukiwa wazi, kwa sauti ya kusikika pande zote mbili za ukuta. Dhakwani, ambaye hakuwahi kusema neno mbele ya mkutano, alisimama huku ameshikilia ukuta. "Sisi hatukuridhia," akasema. Ikatosha. Mfereji ukabaki palepale.

Kwa furaha yake mzee akamshika mkono Sufwani, aliyekuwa ameswali pamoja nao nje. "Mwandike na huyu," akamwambia katibu mpya. "Andika kwamba Sheikh Sufwani amekataa pamoja nasi."

Katibu mpya akainamisha uso. "Sauti yake haihesabiwi, mzee wangu. Siwezi kumwandika."

"Mwache, mzee wangu," akasema Sufwani, kisha akamgeukia katibu. "Miaka ishirini nilihesabiwa mimi, yeye asihesabiwe. Mwandike yeye."

Na hivyo ndivyo alivyoishi mpaka alipofikwa na mauti, Mungu amrehemu: katika mji aliozaliwa, asihesabiwe.

Ndugu yangu, ndimi zetu ni nyepesi. Watu wamekubali, watu wanasema, watu hawataki. Neno hilo likikufika tena mdomoni, nyamaza kidogo ujiulize ni nani aliyeachwa nje, na kama alisikia. Mbele ya Mola wetu hatutaitwa "watu" tupate kujificha humo. Tutaitwa mmoja mmoja.