Nyati wa Jumatano Aliyetaka Kutoka Tumboni mwa Fisi

Nije nisije?
— Njoo!
Nije na ukweli?
— Uache nyumbani, ulinde kuku!
Nije na uwongo?
— Uingie, upewe kigoda!

Basi sogeeni. Hapo kale, ila si kale sana maana umeme wa jua ulishafika, wanyama wa Mlimawe walikuwa na kibanda cha video. Mwenye kibanda alikuwa Pimbi. Mnamjua Pimbi: mnyama wa mawe, mdogo kama sungura, mkia hana, mdomo anao. Kila Jumapili mchana, baada ya ibada, Pimbi aliwasha katuni, akasimama kando ya runinga na kipaza sauti, akatafsiri. Na lugha ya katuni haijui hata salamu! Alitazama midomo inavyocheza, akajaza mwenyewe. Mimi simhukumu. Niliwahi kufundisha shule ya Jumapili kitabu ambacho sikuwa nimekisoma, Bwana anisamehe.

Siku hiyo katuni ilikuwa ya Bata Mdogo. Bata Mdogo alisahau kufunga banda, mbweha akaingia, akamla kaka yake: nyafu! Bata akalia, akapanda mashine ya kurudisha siku, tirrrr, akarudi jana, akafunga mlango: ko! Mbweha alipokuja akakuta kufuli. Kaka akapona. Mwisho.

Wanyama wakapiga makofi. Kobe hakupiga. Kobe akainua mguu.

"Bwana mtafsiri, haiingii akilini. Kama kaka hakuliwa, Bata alirudi jana kufuata nini?"

"Alirudi kwa sababu kaka aliliwa," akasema Kanga.

"Aliliwa lini? Si yule alikuwa anacheza mpira!"

"Aliliwa kwanza, baadaye hakuliwa. Wewe Kobe hata chai unaiuliza maswali."

Fisi, aliyekaa benchi la nyuma, akasogea benchi moja mbele: kwaru.

"Shida yangu mimi ni nyingine," akasema Ngedere. "Jana kulikuwa na Bata wa jana. Kisha akaja Bata wa leo. Sasa wako wawili, kitanda kimoja. Nani analala chini?"

"Yule mgeni," akasema Kanga.

"Mgeni alale chini? Kwenu ndivyo mnavyopokea wageni?"

Fisi akasogea benchi jingine: kwaru.

"Na mimi nina swali," akasema Fisi. "Mbweha alimla yule kaka. Tulimwona wote, alijilamba mpaka masharubu. Nyama ilikuwa tumboni tayari. Imekwenda wapi?"

Fisi akasogea benchi la mbele kabisa: kwaru.

"Nyama ya watu imeshamezwa, inatolewa tumboni bila hata neno la samahani! Hii ni dhuluma. Na mtafsiri anatabasamu!" Machozi yakamlengalenga Fisi. "Sasa basi. Katuni yako imemnyima mbweha chakula, wewe utakuwa chakula cha fisi."

Paa! Akamdaka Pimbi shingoni. Kanga akarukia darini. Ngedere akarukia nje kupitia dirishani. Kobe akaingiza kichwa ndani.

Moyo wa Pimbi: du-du-du-du.

"Mzee Fisi, shikamoo."

"Marahaba. Sali sala yako."

"Ulilosema ni kweli tupu. Nyama ilitoka. Ndiyo maana nakuonea huruma."

"Mimi?"

"Jumatano ulikula nini?"

"Nyati. Mzima. Alifia korongoni."

"Na nani alipanda jiwe akapiga kelele kwamba korongoni kuna nyati amekufa?"

"Wewe."

"Basi mke wangu anajua ile mashine ilipo. Ukinila, atarudi Jumanne, anikataze kupanda jiwe. Nisipopanda jiwe, sipigi kelele. Nisipopiga kelele, humwoni nyati. Usipomwona nyati..."

Fisi akashika tumbo. "Atatoka?"

"Na pembe zake."

Tumbo lenyewe halikuwa limepata kitu tangu Jumatano. Likanguruma: ngurruuuu!

"Hiyo nini?"

"Anafunga mizigo."

Fisi akamwachia Pimbi: tepwe! "Nifanye nini, mwanangu? Yule nyati nilimpenda!"

"Inamisha kiuno. Bana mkia. Funga mdomo. Akiona mwanga tu, amekwenda."

Fisi akainamisha kiuno. Fisi akabana mkia. Fisi akafunga mdomo. Hapo Kobe akachungulia.

"Samahani, Bwana mtafsiri, bado kuna kitu hakiingii akilini. Kama nyati hakuliwa, Fisi angelala na njaa tangu Jumatano. Sasa nguvu za kukula wewe angezito—"

Kanga akashuka kutoka darini, akamkalia kichwani: pwata!

Fisi akageuka, akaulizia puani: "Kobe anasemaje?"

Na Pimbi, mtafsiri wa miaka mingi, akajibu: "Anasema kimbia, pembe zimeshaanza kuonekana."

Fisi akatoka mbio, kiuno chini, mpaka leo. Ukimwona anakwenda nyuma kumeinama, usimcheke. Anabana Jumatano yake.

Sasa funzo, watoto wangu. Msiseme uwongo! Pimbi alisema uwongo mchana kweupe, tena Jumapili, na ibada ametoka kuisikia. Mmeona yaliyompata: akapona, mkewe akamsifu, kibanda kikajaa. Yaogopeni sana mambo hayo. Mwigeni Kobe, aliyependa ukweli mpaka akakaliwa kichwani na Kanga. Mimi nami kuna mahali nimeongeza ya kwangu, sisemi wapi. Nitatubu Jumapili.

Hadithi nimeifunga: ko! Aliye ndani alale, aliye nje abishe hodi. Mwenye swali amuulize Kobe, Kanga akishainuka.