Asubuhi Kumi na Saba Zizini

Mvua ya Machi ilichapa madirisha ya darasa la filamu siku wanafunzi wa mwaka wa mwisho walipoonyeshana kazi zao. Kila mmoja alitakiwa kutengeneza filamu ya dakika nne kwa mkono wake mwenyewe, na alama zake zingeingia katika mtihani wa kumaliza shule.

Filamu ya Mererid ilitangulia. Alikuwa amerusha droni ya baba yake juu ya milima, akaweka muziki mzito, akaridhika. Wenzake walimpigia makofi ya adabu. Ikafuata ya Tegwen, rafiki yake tangu chekechea, aliyeazima kamera ya shule. Filamu ilimwonyesha baba yake Tegwen akizalisha kondoo zizini. Mwishoni jua lilipenya mlangoni, likatambaa juu ya manyoya mpaka kwenye viganja vya mzee, na papo hapo mwanakondoo akasimama. Darasa lilitulia kama maji mtungini.

"Mwalimu," alisema Ifan, mcheshi wa darasa, "sisi wengine tuhamishie jiografia."

Mererid alicheka na wenzake, lakini kicheko chake hakikuvuka meno. Wivu ulimchoma kama mwiba wa samaki. Bahati tu, alijiambia. Jua limempitia, naye kashika kamera.

Masomo yalipokwisha alimfuata Mwalimu Prydderch. "Mimi sisemi kitu, mwalimu. Ila mjomba wake Tegwen anafanya kazi televisheni kule mjini Cardiff."

Alijua fika kuwa mjomba huyo ni dereva tu wa lori la mitambo ya televisheni, wala hashiki kamera.

Kila kazi ilihitaji sahihi ya mwalimu ya kuthibitisha kuwa ni ya mwanafunzi mwenyewe; bila sahihi, alama ni sifuri. Na kwa kuwa shaka ilikuwa imeshatajwa, hakuweza kusaini bila kuchunguza. Alimtaka Tegwen alete vipande vyote alivyopiga kabla ya kuhariri, mwisho Ijumaa.

Alhamisi mchana Tegwen alimjia Mererid, macho mekundu. "Mere, kuna mtu kanichongea. Sijui nimemkosea nini. Njoo unisaidie kupanga vipande, peke yangu simalizi."

Mererid alikosa udhuru. Walikaa jikoni kwa kina Tegwen, chai mbele yao, wakafungua kompyuta. Mafaili yalikuwa kumi na saba, kila moja na asubuhi yake. Kazi ya Mererid ilikuwa kuandika tarehe na saa. Asubuhi ya kwanza, mawingu. Ya pili, mwanakondoo alizaliwa mfu, na kamera ikazimwa. Ya tano, baba mtu alikuwa ameigeuzia kamera makalio, sauti yake ikisikika: "Mwanangu, huyu kondoo hajasoma filamu. Hangojei jua." Ya tisa, Tegwen alikuwa akikohoa huku akichora kwa chaki mahali mwanga ulipofika ukutani. Ya kumi na moja, jua lilikuja vizuri, kondoo akagoma kuzaa.

Kalamu ya Mererid ilisimama. Yeye droni aliirusha Jumamosi moja tu, akarudi kabla ya chakula cha mchana.

"Mbona umenyamaza?" Tegwen aliuliza. "Ni mbaya?"

"Ni mimi niliyekuchongea."

Tegwen hakuinua sauti. Alisogeza kikombe chake kando. "Kwa nini?"

"Nilidhani umeokota bahati tu."

"Niokote wapi, Mere? Kwenye mavi ya kondoo?" Alifuta macho kwa mkono wa sweta. "Kesho utamwambia mwalimu mwenyewe. Sasa andika. Bado asubuhi sita."

Ijumaa Mererid alisimama mbele ya Mwalimu Prydderch akakiri uongo wake, Tegwen akisikia. Mwalimu alipitia vipande bila haraka, kisha akatia sahihi. Kwenye basi la kurudi nyumbani Tegwen alikaa kiti cha mbele peke yake, na Mererid hakuthubutu kumfuata. Alipita akakaa nyuma, akiwa ameujua ukweli uliomgharimu rafiki: ukiona vyaelea, vimeundwa.