Kinyonga Aliyekataa Unga

Hii nimetumiwa na jirani, naye hakusema kaitoa wapi. Isome mpaka mwisho, maana mimi katikati nilichanganyikiwa.

Mwalimu Hoza wa Lushoto alistaafu, asubuhi zake zikawa ndefu. Siku moja, akipunguza ua wa nyumba, akaokota kinyonga mchanga, mdogo kama kidole. Akamwekea tawi la mpera barazani, akamwita Haraka kwa utani, na tangu hapo akawa na kitu cha kuamkia.

Mkewe, Bi. Salima, aliogopa vinyonga tangu utotoni. Alilihama baraza, akawa anatumia mlango wa jikoni. Binti yao mkubwa, Tunu, fundi cherehani, alicheka tu.

Baada ya mwezi, miguu ya mbele ya Haraka ikaanza kupinda. Daktari wa mifugo akasema mifupa yake ni laini kwa kukosa madini. Akatoa unga mweupe wa kupaka panzi kabla ya kumlisha. Asipoula unga huo, akaonya, hatapanda tawi tena.

Mwalimu akapaka. Haraka akamtazama kwa jicho moja, la pili likaangalia dari, kisha akageuka. Mwalimu akapunguza unga, hakula. Akaacha panzi akaleta nzi, akaacha nzi akaleta kiwavi. Akamshika panzi kwa kibano na kumchezesha mbele yake, wapi! Mtu aliyefundisha watoto watukutu miaka thelathini na minne alishindwa na kiumbe wa kidole kimoja.

Daktari akamshauri amwache na njaa siku mbili, atakula mwenyewe. Zikapita mbili, zikafika tano. Haraka hakugusa unga, wala hakukonda. Mwalimu hakuelewa kitu. Alikaa mbele ya tawi lile saa nzima akijiuliza kinyonga huyu ananeneshwa na nini. Huku miguu inazidi kupinda, naye roho inamuuma.

Akarudi kwa daktari. Daktari akauliza kama kuna kingine anachopewa. Mwalimu akajibu hapana, macho yakiwa kwenye kalenda ya ukutani.

"Choo anapata?"

"Kila siku. Tena kizuri."

Daktari akavua miwani. "Basi Mwalimu, huyo anakula. Nenda kawaulize watu wa nyumbani, kinyonga muache."

Mwalimu akawaita wote barazani. Tunu akakiri kwanza. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kushona, alimpa panzi asiye na unga, maana alimwonea huruma. Mmoja tu.

Mwalimu akazidi kuchanganyikiwa. Panzi mmoja hawezi kumshibisha mtu siku nzima, hata akiwa kinyonga. Hapo Bi. Salima akainamisha kichwa.

"Na mimi, baba Tunu. Mchana namwekea nzi kwenye ncha ya mwiko. Nafumba macho, lakini nampa."

Mwalimu akakaa chini. Mwanamke aliyehama baraza! Akafungua mdomo agombe, akaufunga. Kwa sababu yeye mwenyewe kila jioni, Haraka akishakataa unga, alimpa panzi mmoja mtupu ili asilale na njaa. Alidhani yuko peke yake.

"Na mimi," akasema mwishowe, na aibu ikamshika.

Wakakubaliana kuacha. Siku ya tatu, Haraka akarusha ulimi akamla panzi mweupe kwa unga, kisha akaomba mwingine kwa macho yote mawili.

Leo anapanda tawi kama wenzake. Bi. Salima naye amerudi barazani. Ila mguu mmoja wa kinyonga haukunyooka tena, na kila anapopita tawini juu yao akichechemea, wote watatu huangalia pembeni.

Funzo: Mkimpenda mmoja nyumba nzima, ambianeni mnachompa. Huruma ya siri humlemaza yule yule unayemhurumia.